Barua ya wazi: Tuwekeeni nguzo korongoni kabla ya masika

Kwa waheshimiwa mnaosimamia barabara, mitaro na maafa katika Jiji la Dar es Salaam, kuanzia ofisi za mitaa hadi ngazi ya mkoa.

Shikamooni.

Ninaandika katikati ya Januari, jua kali, kaskazi inavuma, vumbi limejaa hadi kwenye vyombo. Ni wakati ambao hakuna anayetaka kusikia habari za mafuriko, na ndiyo sababu nimeuchagua. Masika yanaingia Machi. Tukianza kuzungumza Aprili tutakuwa tunazungumza huku tumeshika ndoo.

Mimi ni mkulima wa mchicha na matembele. Mtaa wetu uko pembezoni kabisa, upande ambao korongo linashusha maji kutoka vilima vya Pugu kuelekea Mto Mzinga. Kwa anwani tuko Dar es Salaam, lakini kwa maisha tuko kijijini: mikorosho, mihogo, minazi, bustani za bondeni, na barabara moja ya udongo inayovuka korongo juu ya kalavati mbili. Shule iko ng'ambo. Zahanati iko ng'ambo. Soko tunalouzia mboga liko ng'ambo. Kalavati zile zikiziba, sisi ni kisiwa.

Masika yaliyopita tulikatika siku nne. Usiku wa pili, jirani yangu alishikwa na uchungu. Bajaji ilifika ukingoni ikarudi. Vijana wanne walikwenda kung'oa mlango wa banda la duka, wakamlaza juu yake, wakaingia majini. Maji yaliwafika kifuani. Nilikuwa nyuma nimeshika tochi, na mkono wangu ulikuwa unatetemeka kiasi kwamba mwanga haukutulia mahali pamoja. Katikati, mmoja akakanyaga shimo lililoachwa na wachimba mchanga, mlango ukainama, mama akapiga kelele moja tu. Wakamshika. Alijifungulia kwenye benchi la kijiwe cha bodaboda, ng'ambo, chini ya turubai, wanawake wawili wakiwa wamemzungushia kanga. Mtoto yupo, anatambaa. Lakini tangu usiku ule siwezi kupita juu ya kalavati zile bila kuangalia chini.

Asubuhi ya kwanza ya siku zile nne tulikuwa tumepiga simu kuomba mtambo uje kuzibua. Tukaambiwa tuandike barua. Tukaandika. Tukaambiwa mtambo uko kazini kwingine, na inawezekana kabisa ulikuwa huko, sitaki kumtia mtu hatiani kwa jambo nisilolijua. Ulifika siku ya tisa, maji yameshapungua yenyewe.

Sasa niwaeleze nilichokiona mbali na hapa, kwa sababu kimekuwa kikinisumbua kichwani tangu usiku ule.

Miaka kadhaa iliyopita nilipata nafasi ya kwenda Japani kujifunza kilimo cha mpunga. Nilipelekwa kijiji kidogo cha milimani katika mkoa wa Niigata, karibu na mpaka wa Nagano, nikakaa huko majira mawili ya baridi. Kabla ya hapo theluji niliijua kwa picha za Kibo, ile kofia nyeupe juu ya Kilimanjaro. Kule nikaikuta theluji inayopimwa kwa mita. Upepo wa baridi hutoka Siberia, hupita juu ya bahari ambayo maji yake yana joto kuliko upepo wenyewe, huchota unyevu mwingi, kisha hugonga milima na kuutua mzigo wote pale pale juu ya vijiji. Katika kijiji jirani cha Sakae, upande wa Nagano, kuna kituo cha treni kiitwacho Mori-Miyanohara, na pembeni yake wamesimamisha nguzo ndefu inayoonyesha theluji ilifika wapi tarehe 12 Februari 1945: mita 7.85. Nilisimama chini yake nikatazama juu kama mtu anayetafuta dafu mnazini.

Theluji ile si pamba. Ikishakaa na kushindiliana, mita moja ya ujazo inaweza kufika kilo 300, yaani magunia matatu ya mahindi. Sasa fikirieni mita tatu za mzigo huo zimekaa juu ya paa. Nyumba hulia. Nililala chini ya paa kama hilo nikasikia mbao zinavyolalamika usiku, na asubuhi baba mwenye nyumba akanipa chepe na kamba tukapanda juu kushusha. Kanuni ya kwanza aliyonifundisha ni kwamba hakuna kupanda peke yako. Wanaokufa kule kwa theluji, wengi si wale waliopotea njiani kwenye dhoruba. Ni wazee walioanguka kutoka juu ya mapaa yao wakiondoa theluji, au waliofunikwa na theluji iliyoporomoka kutoka paani, na hakuna mtu aliyekuwa karibu. Majira ya baridi ya mwaka 2005 kuingia 2006, watu 152 walikufa nchini kwa sababu ya theluji, wengi wao wazee.

Kilichonikaa moyoni, hata hivyo, ni mwezi wa Novemba.

Novemba theluji nzito bado haijashuka. Mashamba yamevunwa, kuna baridi kidogo, anga iko wazi. Mtu mgeni angesema sasa ni muda wa kupumzika. Kumbe kijiji kizima kiko kazini. Madirisha ya chini yanapigwa mbao ili theluji isije ikavunja vioo. Miti inafungwa kamba matawi yasikatike. Kabichi na figili zinawekwa mahali ambapo theluji itazifunika na kuzitunza. Na pembeni ya barabara, pande zote mbili, watu wanapita wakichomeka nguzo ndefu zenye rangi nyekundu na nyeupe. Niliuliza za nini, maana barabara ilikuwa inaonekana vizuri kabisa. Baba mwenye nyumba akanijibu kwamba mwezi ujao hakuna atakayejua barabara inaishia wapi na mtaro unaanzia wapi, na dereva wa mtambo atakuwa anafanya kazi gizani. Hata mabomba ya kuzimia moto yalikuwa na nguzo zake, ili siku nyumba ikiwaka watu wasianze kuchimba hovyo wakiyatafuta.

Mitambo yenyewe mingi ni ya wakandarasi wadogo wa palepale, watu wanaojenga barabara kiangazi na kusukuma theluji majira ya baridi. Kabla ya theluji kuanguka kila mmoja ameshajua kipande chake: huyu atasafisha kuanzia shule hadi zahanati, yule atachukua barabara ya basi. Na hapa ndipo naomba mnisikilize sana, waheshimiwa. Dereva hasubiri simu. Hasubiri barua. Kuna kipimo kilichokubaliwa; kwa barabara nyingi ni sentimita 10. Theluji ikifika kipimo hicho usiku, mtambo unatoka, saa nane au saa tisa za usiku, watu wakiwa wamelala. Kijiji kikiamka, barabara iko wazi. Mara ya kwanza niliposikia mngurumo ule gizani nilidhani kuna ajali. Baadaye nikauzoea, na ninakiri ukawa unanipa usingizi mzuri.

Kipimo ndicho kinachotoa amri. Sisi kwetu amri inasubiri barua, na barua inasubiri mtu mwenye muhuri, na mtu mwenye muhuri naye amekwama ng'ambo kwa mvua hiyo hiyo.

Jirani yetu kule alikuwa bibi mjane wa zaidi ya miaka 80, anaishi peke yake, wanawe wako mjini. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya ofisi ya kijiji. Paa lake likishajaa, walikuja wanaume wawili, wanakijiji kama yeye, wanalipwa na ofisi kwa kazi hiyo kipindi chote cha baridi. Hakuwaita. Hakuomba. Yeye kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na chupa ya chai. Hata kule Sakae utaratibu huo wa kuajiri wakazi kwenda kusafisha mapaa ya wazee umekuwepo miaka mingi.

Na kuna mtaro. Baadhi ya miji ya theluji ina mitaro iliyofunikwa pembeni ya barabara, inapitishwa maji ya mto, na watu hufungua vifuniko wakatupia theluji humo ikasombwa. Lakini kila eneo lina saa zake. Huku ni saa fulani, kule ni saa nyingine, kwa sababu wote wakitupa kwa pamoja mtaro utaziba na maji yataingia kwenye nyumba za walio chini. Nilimwona mama mmoja amesimama na theluji yake kwenye toroli, anatazama saa, zamu ya mtaa wake haijafika. Alisubiri.

Nikalinganisha na mtaro wetu. Nisiwalaumu viongozi peke yenu hapa: sisi wenyewe tunatupa humo chupa, viroba, pempasi, maganda ya nazi, na ikinyesha mvua wapo wanaofungulia vyoo vyao korongoni usiku. Hilo ni letu na tunalibeba. Ila kuna moja ambalo si letu. Mwaka juzi mtaro ulizibuliwa. Walikuja na kijiko, wakafanya kazi nzuri, wakachota tope lote jeusi, wakaliacha ukingoni. Tuta refu kama kaburi la watu wengi, hatua mbili kutoka mtaroni. Tuliuliza lori litakuja lini. Tukaambiwa bajeti ilikuwa ya kuzibua, kuzoa ni bajeti nyingine. Mvua ya kwanza ilipopiga, lile tuta likarudi lilikotoka, lote, pamoja na nyasi zilizokuwa zimeshaota juu yake. Fedha ilitumika, mafuta yaliungua, dereva alilipwa, na kalavati zikaziba kama kwamba hakuna mtu aliyewahi kufika. Kila nikikumbuka tuta lile nashikwa na hasira. Nimekwenda kulitazama tena jana. Masalia yake yapo, watoto wanayatumia kutelezea.

Najua jibu ambalo wengi watalitoa: Japani ni nchi tajiri. Ni kweli. Mimi siombi mitambo ya Japani. Na wala kile kijiji si pepo. Vijana wamehama, shule zinafungwa kwa kukosa watoto, na hao wanaopanda mapaani mwaka hadi mwaka wanazidi kuzeeka. Januari 2006 bonde la Akiyamago, lililo kati ya Tsunan na Sakae, lilikatika kabisa kwa theluji, barabara ikafungwa kwa hofu ya maporomoko, watu wakabaki ndani. Kwa hiyo hata wao hukatika.

Kuna jambo lingine walilojifunza kwa machozi. Mwaka 1962 Bunge lao lilitunga sheria maalumu ya kusaidia maeneo yenye theluji nyingi. Januari iliyofuata, mwaka 1963, theluji kubwa ikaangukia maeneo yale yale na watu zaidi ya 200 wakafa. Sheria ilikuwepo. Ilikuwa bado haijafika barabarani wala kwenye orodha ya bibi mjane.

Nasi tunayo sheria. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa zishuke hadi ngazi za chini kabisa za utawala. Tunayo pia Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo hutoa utabiri wa masika mapema na ikatoa angalizo au tahadhari mvua kubwa inapokaribia. Nawashukuru, maana utabiri wao nimeupanda na kuuvuna. Lakini tahadhari inasema mvua kubwa, mikoa ya Dar es Salaam na Pwani. Haiwezi kusema kalavati yetu itaziba saa ngapi na nani atakuja na chepe. Hiyo ni kazi ya mtu aliye hapa, na mtu huyo hajateuliwa. Nimeuliza wajumbe wa kamati ya maafa ya mtaa wetu ni nani. Niliowauliza walitajiana wao kwa wao.

Hatuwezi kusema hatukuonywa. Desemba 2011 mvua iliua watu zaidi ya 40 katika Jiji hili, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 Waziri Mkuu alisimama bungeni akasema watu 155 wamekufa nchini kwa mvua za msimu ule. Ukiishi bondeni, ukisikia namba kama hiyo redioni unaanza kuhesabu walio nyumbani.

Ninachoomba si kikubwa, na kwa sehemu kubwa tutakifanya wenyewe mkituruhusu.

Kwanza nguzo. Nguzo mbili za zege au hata za chuma chakavu, moja kila upande wa kivuko, zimepakwa rangi kwa vipimo. Maji yakifika alama ya njano, mtoto wa shule asivuke, na mwalimu akubali kwamba huyo hayupo kwa ruhusa. Yakifika nyekundu, hakuna chombo kuvuka, na mtambo utoke. Utoke kwa sababu maji yamefika nyekundu, mjumbe akishapiga simu moja yenye picha ya nguzo. Pasiwe na barua. Mkubaliane sasa, Januari hii, ni mtambo gani, wa nani, na atalipwa kutoka fungu lipi. Kuna watu huku huku pembezoni wana vijiko vyao, vinakodishwa kuchimba mashimo ya vyoo na misingi. Ingieni nao mkataba kabla ya Machi. Mtambo wa mtu anayelala mtaa wa tatu ni bora kuliko mtambo mkubwa ulio upande mwingine wa foleni ya Barabara ya Nyerere.

Nguzo zile pia zitawaokoa wageni. Maji yakishafunika barabara huoni ukingo wala shimo la mchanga. Unaona bapa moja la kahawia. Vijana wanaobeba watu mgongoni kwa shilingi 1,000 wanakisia kwa nyayo. Chomekeni nguzo fupi pande zote za njia, kama walivyofanya wale, mtu ajue akanyage wapi.

Halafu daftari. Mjumbe wetu anamjua kila mtu, lakini anawajua kichwani, na yeye mwenyewe ana miaka 71. Liandikwe daftari la wajawazito na miezi yao, wazee wanaoishi peke yao, wenye ulemavu, wanaotumia dawa ambazo haziwezi kukatishwa. Likae ofisi ya mtaa na nakala zahanati. Mwezi wa mwisho wa mimba ukiangukia masika, mama ahamie ng'ambo kwa ndugu au pawepo chumba cha kusubiria karibu na zahanati, kabla uchungu haujaanza. Kuhusu kutangaza, misikiti miwili na kanisa moja wameshakubali kutoa vipaza sauti. Niliongea nao wiki iliyopita. Shehe alinijibu kabla sijamaliza sentensi.

Kuhusu wachimba mchanga, siandiki mengi. Mnawajua, malori yao yanapita mchana kweupe, na kila masika korongo linazidi kupanuka kuelekea jikoni kwa watu.

Nabaki na tope. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, siku ya usafi, wakazi wa pande zote mbili za korongo tumekubaliana kukutana kivukoni saa moja asubuhi. Machepe tumeshayahesabu, yako 34, na toroli sita. Mama lishe wawili watapika uji. Kijana mmoja fundi chuma amejitolea mabomba mawili ya kutengenezea nguzo, na mimi nitanunua rangi, ya njano na nyekundu. Tutafukua kalavati zote mbili hadi chini, tutachota na lile tuta la mwaka juzi.

Tunaomba lori. Moja, la kuzoa, liwepo kabla ya saa kumi jioni, na dereva aambiwe mapema tope linakwenda kumwagwa wapi. Likikosekana siku hiyo, litakubalika hata Jumatatu, mradi mtuambie, ili tuweke viroba vya mchanga kulizuia lisirudi. Namba yangu ya simu iko ofisi ya mtaa. Nitakuwa nimeshika rangi, lakini nitapokea.

Mkulima wa mboga, mkazi wa bondeni
Dar es Salaam